Mamba Katika Birika la Uani

Mamba mchanga analia kama kifaranga. Sikulijua hilo mpaka jioni moja mjomba alipoweka kopo la maziwa ya unga juu ya meza yangu, na kopo likaanza kulia.

Mjomba alikuwa dereva wa lori la shirika la umma, njia ya Rufiji. Alikuja kwangu moja kwa moja kutoka safari, vumbi bado limemkalia kwenye kope, na alikuwa amepitia mahali akanywa kidogo. Mimi nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nimalize chuo kikuu. Nilipangiwa kazi ofisini mjini, nikapata chumba katika nyumba ya korido mitaa miwili kutoka soko la Kariakoo.

"Fungua, msomi," alisema. "Zawadi yako ya digrii hiyo."

Ndani ya kopo kulikuwa na kitu chenye urefu wa rula ya shule. Kilinitazama kwa macho ya manjano, kikafungua mdomo kunitisha. Mdomo ule ungeweza kubana kidole changu cha mwisho na si zaidi, lakini niliruka nyuma nikagonga kitanda.

"Mjomba, huyu nimfanye nini?"

"Umfuge. Wakubwa kule Oysterbay wanafuga mbwa wa Kijerumani, wanawapa nyama, sisi huku tunapanga foleni ya mifupa. Wewe fuga mamba. Mbwa wao akipita mtaa huu, tutaona nani amesoma."

Alicheka mpaka akakohoa. Sisi ni watu wa milimani, Mbinga, ambako mamba tulimjua kwa picha. Lakini zawadi ya mjomba tuliijua vizuri: ukiikataa umemkataa mama yako. Nikasema asante.

Usiku ule nilichukua karatasi ya ofisi, nikachora mstari katikati. Upande mmoja niliandika sababu za kumfuga, upande wa pili sababu za kutomfuga. Upande wa pili ulijaa mpaka nikageuza karatasi. Upande wa kwanza ulikuwa na sababu moja: Mjomba atakasirika. Niliitazama karatasi ile mpaka nikasinzia, na asubuhi mamba alikuwa bado yuko ndani ya kopo, kwa hiyo jambo lilikuwa limeamuliwa.

Baadaye nilikwenda maktaba kusoma. Nikakuta kwamba huko Amerika mamba ana ndugu yake aitwaye aligeta, mwenye pua ya mviringo, na kwamba huko wapo watu wanaomweka bafuni na kumpa jina. Kulikuwa na picha ya mama wa Kizungu amempakata mmoja kama paka. Nilitumia wiki nzima kulinganisha pua ya wa kwangu na ile ya kwenye picha. Ya wa kwangu ilichongoka kama bisibisi. Hata hivyo nilijiambia kwamba pua huenda hubadilika kadiri mnyama anavyokua.

Uani kulikuwa na birika la saruji la kuhifadhia maji. Lilikuwa limekauka muda mrefu, kwa kuwa bomba lenyewe lilikuwa limeacha kutoa maji. Nikamweka humo na ndoo moja ya maji, nikafunika kwa bati, juu ya bati nikaweka jiwe. Mwenye nyumba hakukataa. Alikuwa mzee wa mji, mtu wa msikitini, na pia ndiye aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Aliinua bati akachungulia, akasema, "Ndugu, mjusi wako huyo asinipandie ukutani," akalirudisha.

Aliyemjua mnyama yule kwa jina lake alikuwa mama wa chumba cha uani.

Mama huyu alitoka Rufiji. Alifiwa na mume, shemeji zake wakamfukuza shambani, akaja mjini na binti mmoja ambaye sasa alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni Morogoro. Alipika chakula na kukiuza barazani, mbele ya nyumba yetu. Mahamali wa sokoni walikula kwake, na wauza mitumba, na mimi. Kila alfajiri alikwenda soko la samaki la Feri kununua vibua, na kufika saa sita mchana pale barazani hapakuwa na nafasi ya kuweka goti.

Alipoinua bati hakupiga kelele. Alimtazama mamba kama mtu anayemtazama jirani wa zamani aliyeachana naye vibaya.

"Mjomba wako amekosa zawadi nyingine?" aliniuliza.

"Ni mdogo tu, mama. Hana meno ya kumdhuru mtu."

"Mwanangu, kwetu meno ya mamba hayatishi mtu mzima. Mtu mzima anaogopa nyongo."

Akanieleza, huku anapaa samaki. Kwao mamba akiuawa haburutwi pembeni kimyakimya. Huitwa watu. Hupasuliwa mchana mbele yao, nyongo ikatolewa ikaonyeshwa, ikachomwa moto pale pale, na kila aliyekuwepo akasema kwa mdomo wake: nimeona. Ndipo watu wakalala. Kwa sababu nyongo ile, wanaamini, ikikaushwa ikatiwa kidogo tu kwenye chakula, aliyekula haponi.

"Na mtu akimuua bila kuita watu?"

"Basi mwaka ule kila anayeumwa tumbo amelishwa na yeye." Alifuta kisu kwenye kanga yake ya jikoni. "Humu ndani anayepika ni mimi. Kwa hiyo niahidi. Siku akifa huyu, kwa namna yoyote, utaita watu."

Nilimwambia kwamba nyongo ya mamba haina tofauti na nyongo ya mbuzi, ni kitu cha kusaga mafuta tumboni, hakuna sumu yoyote.

"Vizuri," alisema. "Siku hiyo utainywa wewe. Sasa niahidi."

Nikaahidi.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na matumbo ya samaki, nilimwomba amlishe. Hakupenda, lakini mimi ndiye niliyemwandikia barua za kwenda shuleni kwa binti na kumsomea zilizorudi, kwa hiyo hakukataa. Alisimama mbali, akageuza uso, akamtupia kwa kijiti. Wateja waliokuja uani kunawa mikono walimwona akifanya hivyo kila siku kwa mwaka mzima na zaidi. Wakati ule sikufikiri kwamba kuonwa huko kuna maana yoyote. Mimi, ambaye hufikiria kila kitu.

Watu hawakumwacha mamba akae. Hamali mmoja, mtu wa Kilwa mwenye shingo nene, ndiye aliyekuwa kinara wao. Alikuwa amepanga chumba cha kwanza koridoni na alikula kwa mama mara mbili kwa siku. Akimaliza kula alikuja birikani na wenzake. Walimtemea mate. Walimzimia sigara juu ya pua. Walifunga kichwa cha samaki kwenye uzi wakamning'inizia, akiruka wanavuta, akiruka wanavuta, mpaka akaacha kuruka, ndipo wakamwita mvivu.

"Huyu ndiye mnyonyaji mwenyewe," hamali alikuwa akisema. "Anakula bila jasho. Mpelekeni kijijini akalime!"

Siku moja walimfunga mdomo kwa mpira wa baiskeli. Niliporudi kazini nilimkuta, nikainua bati, nikaona mpira umezunguka mara tano. Nilifikiri. Nikimfungua ataning'ata. Nikiwaambia wao wamfungue watanicheka. Nikimwita mama nitaonekana siwezi. Nilirudisha bati. Kesho yake nilifikiri tena. Siku ya tatu niligundua kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: nilikuwa natumaini. Angekufa yeye mwenyewe, na mimi nisingelazimika kuamua lolote.

Mama ndiye aliyeuona ule mpira. Alimbana kichwa kwa mwiko wa ugali, akaukata kwa kisu chake cha samaki. Kisha akaja mlangoni kwangu.

"Kama unataka kuua, ua. Usimfundishe mnyama njaa ukaiita huruma."

Mamba alikula siku ile mpaka tumbo likavimba, na akaendelea kukua.

Alipofika urefu wa mkono wangu, alikata mguu wa bata wa mwenye nyumba. Bata alikuwa amepanda juu ya ukingo wa birika, bati likiwa limesogea. Mzee alimchinja yule bata kwa hasira.

"Ndugu, hapa si mtoni. Ikifika Jumapili sitaki kumwona."

Hapo ndipo nilipoanza kuhangaika kwelikweli. Mjomba alikuwa amehamishiwa njia ya Kanda ya Ziwa, hakuna aliyejua atarudi lini. Mafuta ya gari yalikuwa hayapatikani hata kwa mgonjwa. Nilifikiria kuandika barua kwa wahusika wa wanyamapori waje wamchukue. Niliandika mara tatu. Kila barua nilipoisoma tena niliiona ni maungamo: mimi, fulani, wa anwani hii, nimekuwa na mnyama wa serikali kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa bila kibali. Nilikuwa nimesoma gazetini habari za mtu wa bara aliyefikishwa mahakamani kwa ngozi moja ya chui. Nyara za serikali, waliziita. Na mimi mwezi ule nilikuwa nasubiri kuthibitishwa kazini.

Kumwita mama na watu, kumpasua hadharani, kila mtu aseme nimeona? Hao wote wangekuwa mashahidi. Niliwahesabu: ishirini, thelathini. Kila mmoja ana mdomo. Kila mmoja ana binamu anayefanya kazi mahali.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini. Saa saba mchana wanaume wote walikuwa msikitini, na mama alikuwa barazani akiosha masufuria. Niliinua bati. Nilikuwa nimepanga pigo moja. Mamba hafi kwa pigo moja, si kwa mkono wa mtu anayefumba macho. Nilimpiga kwa lile jiwe la kufunikia, na baada ya pigo la pili akatoa ile sauti, ile ya kopo, ya kifaranga, safari hii ikiwa nzito. Nilipiga mara sita au saba. Nilimtia kwenye gunia akiwa bado anachezesha mkia, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikamtupa kwenye jalala lililo nyuma ya soko, nikafukia juu yake majani ya migomba na maganda. Nikarudi nikamwagia birika maji yangu ya kuoga.

Niliwaambia wote kwamba mjomba amepita akamchukua, anamrudisha Rufiji.

"Alhamdulillahi," mama alisema, na siku ile aliniongezea kipande cha samaki.

Sasa lazima niseme kilichokuwa kikiendelea mjini, kwa maana bila hicho mambo haya yangebaki masengenyo ya uani. Zilikuwa siku za msako. Asiye na kazi inayojulikana alikamatwa, akapandishwa lori, akarudishwa kijijini kwao akalime. Aliyejishughulisha kwa biashara ndogo kama mama alihitaji barua ya balozi, ikisema anamjua, kazi yake ni hii, ni mwenyeji mwema. Barua zilitakiwa ziwe tayari kabla ya Jumatatu ya pili baada ya Ijumaa ile. Kwa mama, kurudishwa kulikuwa ni kurudishwa mikononi mwa shemeji zake, bila shamba, na binti kuacha shule. Mzee alikuwa ameshamwahidi. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiandika barua ile kwa mwandiko mzuri. Ilibaki sahihi yake tu na mhuri.

Jumapili asubuhi hamali alileta mkokoteni mpaka ndani ya uani, jambo ambalo mzee huwa halikubali.

"Mamba wenu," alisema, "amechoka safari."

Mamba alikuwa juu ya mkokoteni, kwenye gunia lililochanika. Kunguru walikuwa wamemfanyia kazi siku mbili. Tumbo lilikuwa wazi kama mkoba. Watu walitoka vyumbani, wengine wakaingia kutoka mtaani.

Mzee alinigeukia. "Ndugu, ulisema mjomba wako alimchukua."

"Alimchukua."

"Saa ngapi?"

"Ijumaa. Mlipokuwa msikitini."

"Lori liingie mtaa huu asilisikie mtu?"

"Alikuja kwa miguu."

Hamali alipiga makofi. "Kwa miguu! Anampeleka Rufiji kwa miguu, amefika jalalani pumzi imekata!"

Watu walicheka. Kisha hamali akachuchumaa, akachukua kijiti, akafungua lile tumbo taratibu, na kicheko kikazimika. Alikuwa mtu wa kusini, naye alijua anachokitafuta.

"Ini hili hapa, nusu. Nyongo iko wapi?"

"Kunguru wameila," mtu alisema.

"Kunguru akila nyongo ya mamba anaanguka pale pale. Nimezunguka jalala lote. Nani ameona kunguru aliyekufa?"

Hakuna aliyekuwa ameona kunguru aliyekufa. Nilijua hoja ile ina tundu kubwa la kupita tembo, na nilijua namna ya kuieleza, kwa utaratibu, hatua kwa hatua. Nilinyamaza.

"Ijumaa mchana nani alibaki nyumbani?" mzee aliuliza.

"Msomi na mama."

"Msomi?" Hamali alinitazama juu mpaka chini. "Huyu akitaka kuua mende anaomba kibali kwa maandishi."

Walicheka tena, kwa nguvu zaidi. Na mimi nilicheka. Nilicheka kwa nafuu pamoja nao, kisha nikaona kwamba mama hacheki. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, mwiko mkononi, akinitazama mimi na si mamba. Wote wengine walikuwa wanamtazama yeye: mtu wa Rufiji, anayeijua nyongo, aliyemlisha yule mnyama kwa mkono wake, na ambaye kila siku hupeleka majivu jalalani.

Alikuja mlangoni kwangu mchana ule. Hakuingia.

"Sikuulizi kwa nini," alisema. "Hofu ni kitu cha mtu, siwezi kukunyang'anya. Nakuomba tu useme mbele yao kwamba ni wewe, na kwamba hukumpasua. Basi."

"Mama, nitasema. Nipe siku moja nifikirie namna ya kuliweka."

"Namna ya kuliweka," alirudia. Akaondoka.

Nililifikiria. Nikisema nimeua, nimekiri nyara za serikali. Nikisema nimeua na sikumpasua, wataniuliza nani alishuhudia kwamba sikumpasua, na hakuna. Kwa hiyo kukiri kwangu kungeniangamiza mimi bila kumsaidia yeye. Niliona hoja hiyo imesimama vizuri sana. Niliikagua pande zote.

Jumanne hamali akaugua. Alitapika na kuhara siku nzima. Mvua zilikuwa zimeanza, vyoo vya mtaa mzima vilikuwa vinafurika, na Jumatatu alikuwa amekunywa gongo mpaka akalala barazani. Lakini alikuwa pia amekula kwa mama. Alilala koridoni akipaza sauti kila anapopumzika kutapika: "Nimelishwa! Nimelishwa jamani!" Jumatano alikuwa mzima, anakula muhogo wa kuchoma, na bado anasema amelishwa.

Hakuna aliyekuja kula Jumatano. Mama alipakua ugali wa yanga, ule unga wa njano wa msaada, na maharage kama kawaida, akakaa nyuma ya masufuria. Saa nane alijipakulia mwenyewe sahani iliyojaa, akala pale pale barazani, polepole, mbele ya wapita njia. Alhamisi akafanya hivyohivyo.

"Mnaona?" mwanamke mmoja wa nyumba ya pili alisema, wala hakupunguza sauti. "Mwenye sumu, yake haimdhuru."

Mtoto wa mtu alimtupia ganda la chungwa. Mama alilitoa kwenye sufuria ya maharage kwa vidole, akaendelea kutafuna.

Ijumaa mzee alimwambia kwamba barua haitasainiwa. Walikuwa uani, nilisikia kupitia dirisha.

"Mama, mimi sikutuhumu. Lakini nikiweka mhuri wangu nimesema nakujua. Moyo wa mtu siujui."

"Miaka sita nakulipa kodi ya chumba, nakupa futari, hunijui?"

"Watu wanaogopa. Nikisaini watasema na mimi nimelishwa."

"Basi niwekee sharti. Lolote."

Mzee hakuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa anatafuta mlango wa kumpitisha.

"Akila mtu mmoja wa nyumba hii," alisema, "chakula chako, mbele ya macho yetu, akashiba. Mtu mmoja tu. Nitasaini pale pale."

"Msomi," mama alisema, bila kufikiri hata kidogo. "Atakula msomi."

Jumamosi alipika wali wa nazi. Mchele haukuwa umepikwa katika nyumba ile tangu Idi. Sijui aliutoa wapi. Alipika na changu, samaki wa wenye pesa. Harufu ilijaa korido nzima. Saa saba watu walikuwa wameshajaa uani, wamekaa kwenye ngazi na kwenye ukingo wa birika. Mzee alikuwa na barua mapajani, na kalamu, na kibweta cha mhuri.

Mama alinitandikia mkeka. Akaniletea maji ninawe. Akaweka sahani mbele yangu, akachuchumaa kando, na akasema kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia:

"Kula, mwanangu. Wewe peke yako unajua."

Ni kweli. Katika mji ule wote mimi peke yangu nilijua kwamba mama hakugusa mamba yule. Nilifinyanga tonge. Nikalitia kwenye mchuzi. Nikaliinua.

Kisha nikafikiri.

Nilijua nilimtupa mamba bila kumpasua. Lakini kati ya Ijumaa na Jumapili nani alikuwa jalalani? Sikujua. Mama hupeleka majivu kila siku. Je, kama alimwona yeye wa kwanza? Je, kama alipita akaona gunia, akajua nimemdanganya, na kisu cha samaki anacho kila saa? Angeitwaa nyongo ili aichome kama desturi, kwa nia njema. Na kama aliitwaa, na hakuichoma? Nani duniani alikuwa na sababu ya kunichukia kuliko yeye? Nilikuwa nimemdanganya, nimemwacha apigwe na maganda, nimecheka. Kama ningekuwa yeye, na nina kitu kile, ningekitia sahani ya nani?

Na nilijua, wakati ule ule, kwamba nyongo haina sumu. Nilikuwa nimesoma. Nilijua na mkono haukwenda.

"Moja," hamali alihesabu. "Mbili. Tatu."

Wengine wakaitikia. Walihesabu pamoja kama watoto wa shule. Mchuzi ulitiririka kwenye kiganja mpaka kwenye kiwiko. Walipofika kumi na kitu nilisema, "Subirini kidogo, bado la moto," na uani wote ukalipuka kwa kicheko, maana walikuwa wanaona kwamba wali hautoi hata mvuke.

Mama alinishika mkono. Alilitoa lile tonge vidoleni mwangu, akalirudisha kwenye sahani, akanifuta mkono kwa kanga yake.

"Basi," alisema. "Usijiumize."

Mzee alikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni.

Jumatatu lori lilipokuja lilimkuta ameshakaa barazani juu ya furushi lake. Alipanda bila kushikwa mkono. Wanaume wa lori walimuuliza kama ana mtu wa kumdhamini, akasema hapana. Nilikuwa dirishani kwangu, nimeshavaa shati la kazini. Hamali alichukua sufuria kubwa la mama kabla lori halijafika kona.

Kazini nilithibitishwa mwezi uleule.

Mjomba alirudi baada ya miezi miwili, akauliza mnyama wake yuko wapi. Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, pamoja na tonge. Alisikiliza akiwa amefungua mdomo, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Msomi! Hata tumbo hukulipasua?" Alijifuta machozi. "Na sasa anapika nani hapa?"

Anapika mama mwingine, mtu wa Tanga, aliyepangishwa kile chumba cha uani kabla mwezi haujaisha. Chakula chake si kizuri sana, chumvi inazidi. Nakula kwake kila siku mchana, pamoja na hamali na wenzake, na sijawahi hata mara moja kulitazama tonge kabla sijalitia mdomoni.